Theluthi Moja ya Katanga

Anayenunua lupangu, yaani kiwanja cha nyumba, pembezoni mwa Lubumbashi, kule mji unakokomea na mashamba ya mihogo yanakoanzia, hulipa mara mbili. Kwanza humwendea mwenye nchi, yaani sultani wa mahali au mzee aliyetumwa naye, akampa chake, kisha wakatembea pamoja mpaka kwenye mti au kichuguu kinachotajwa kuwa mpaka. Baadaye huenda mjini, ofisi ya kadasta, akalipa tena ili apate hati. Nimewahi kuziona hati hizo mbili zikitolewa ndani ya sanduku la nguo. Ya sultani ilikuwa ukurasa wa daftari, umeandikwa kwa wino wa bluu, na mashahidi watatu wametia dole gumba. Ya serikali ilikuwa na mhuri na kiramani cha pembe nne. Mama mwenye nyumba alikuwa amezikunja pamoja ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, kwa sababu alijua kuwa moja bila mwenzake haimlindi.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba hayo ni matunda ya rushwa na ya watumishi wasiolipwa mishahara. Rushwa ipo, sikatai. Lakini malipo haya mawili yana umri mkubwa kuliko sisi sote. Mizizi yake iko Brussels, katika siku moja ya Machi 1891, pale ardhi ya Katanga ilipogawiwa mafungu na watu ambao hawakuwa wameikanyaga. Tangu siku ile madai juu ya ardhi hii yameunganishwa, yameuzwa, yamenunuliwa na kufidiwa, na katika kila awamu aliyelipwa alikuwa mwenye karatasi. Mwenye shamba alibaki nje ya mlango.

Kabla ya 1891: mwenye nchi na mwenye nguvu

Kwa Walamba, Wasanga na majirani zao, ardhi ilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe huyo hakuwa mtu wa kuiuza. Mwenye nchi alikuwa mkuu wa ukoo uliotangulia kufika na kupatana na mizimu ya mahali. Yeye ndiye aliyempa mgeni sehemu ya kulima, akapokea ushuru wa mavuno, na akafungua msimu wa kuwinda. Machimbo nayo yalikuwa na wenyewe. Wakati wa kiangazi watu walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali sana na Katanga, ikanunua vitu na kulipa mahari.

Kilimo chenyewe kilihitaji nafasi kubwa kuliko jicho la mgeni lilivyoweza kuona. Mkulima alikata matawi ya miti, akayakusanya na kuyachoma, kisha akapanda kwenye majivu. Baada ya misimu michache alihama, akaiacha sehemu ile irudi kuwa msitu kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukoo uliokuwa ukilima vipande vichache kwa mwaka uliishi kwa kutegemea pori zima lililowazunguka, pori ambalo lilikuwa shamba la jana na la kesho. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana kila sheria iliyokuja baadaye ililikwaa.

Katikati ya karne ya 19 akafika Ngelengwa, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara Msumbwa kutoka Unyamwezi. Tunamfahamu zaidi kwa jina la M'siri. Baba yake alikuwa akifuata shaba ya Katanga, na mwana akaona kuna zaidi ya shaba. Kwa bunduki, ndoa na biashara ya pembe na watumwa alijenga dola ya Garenganze, makao yake makuu yakiwa Bunkeya. Watu wake wakaitwa Wayeke. M'siri alitoza ushuru mzito na aliua bila huruma, na mwishoni mwa miaka ya 1880 Wasanga walikuwa wamemwasi. Hata hivyo hakujitia kuwa mwenye nchi wa kila kijiji. Alikuwa mwenye nguvu, na chini yake masultani wa ardhi waliendelea kugawa mashamba. Mamlaka yalikuwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ilijua haki yake.

1885–1891: ardhi yaitwa tupu

Wakati M'siri akipigana na Wasanga, jina la nchi yake lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye ramani ya mtu mwingine. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilitoa amri fupi: ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Amri hiyo hiyo ilikataza kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikalia. Ukiisoma haraka unaweza kuiona ya haki. Lakini neno "wanayoikalia" lilipimwa kwa macho ya afisa anayepita. Aliona vibanda na vishamba vya mwaka ule, basi. Msitu uliokuwa ukipumzika akauita mtupu.

Leopold hakuwa na fedha za kutosha kuifikia Katanga, na Cecil Rhodes alikuwa anakuja kwa kasi kutoka kusini. Novemba 1890 mjumbe wa kampuni ya Rhodes, Alfred Sharpe, alifika Bunkeya na mkataba mkononi. M'siri alipoelezwa maana yake, alikataa. Brussels ikashtuka. Dola isiyo na fedha ikaamua kulipa kwa ardhi.

Tarehe 12 Machi 1891 mkataba ukatiwa saini: kampuni mpya ingeundwa, igharamie safari, ipeleke meli na askari, iiweke Katanga mkononi mwa Leopold. Malipo yake yangekuwa theluthi moja ya ardhi yote "tupu" ya Katanga, pamoja na haki ya madini kwa miaka 99. Kampuni hiyo, Compagnie du Katanga, ilizaliwa mwezi uliofuata. Hesabu mwenyewe: miaka 99 kuanzia hapo inaishia Machi 1990. Mtoto aliyezaliwa Bunkeya siku ile angezeeka na kufa chini ya karatasi ambayo wazazi wake hawakuonyeshwa.

Kampuni ikamwajiri nahodha William Stairs, mzaliwa wa Kanada. Msafara wake uliondoka pwani ya Zanzibar katikati ya mwaka 1891, ukiwa na mamia ya wapagazi na askari wa Kizanzibari. Lugha ya amri, ya soko na ya mazungumzo ya usiku njiani ilikuwa Kiswahili, lugha hii ninayoandikia sasa. Sisi Waswahili wa Katanga hatuna budi kulikumbuka hilo bila kulipamba: mizigo iliyomwangusha M'siri ilibebwa na watu wa lugha yetu.

Walifika Bunkeya katikati ya Desemba. Stairs alitaka bendera ya Dola Huru isimamishwe, M'siri akasita, Stairs akaisimamisha kwa nguvu. M'siri akaondoka usiku kwenda kijiji cha jirani. Tarehe 20 Desemba 1891 nahodha Omer Bodson alitumwa kumleta. Wakakutana nyumbani kwake, maneno yakazidi, Bodson akampiga M'siri risasi akafa. Papo hapo mtu wa M'siri akampiga Bodson, naye akafa kwa jeraha hilo. Watu wa Bunkeya hadi leo husimulia kwamba kichwa cha mfalme wao kilikatwa na kuchukuliwa. Zaidi ya miaka 80 baadaye Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliiweka siku ile kwenye turubai, na katika picha yake aliyeangushwa mbele ya macho yetu ni Bodson.

Siku chache baada ya mazishi, Mukanda Bantu, mwana wa M'siri, aliweka alama yake kwenye mkataba. Akatambuliwa kuwa mkuu wa eneo dogo kuliko la baba yake, na masultani wa Wasanga wakarudishiwa vyeo vyao. Hakuna aliyewaambia, yeye au wao, habari ya theluthi.

1900: ubao wa dama

Mwanzoni mgawanyo ulipangwa kama ubao wa dama: Katanga ikatwe miraba, baadhi ya Dola na baadhi ya Kampuni, ikipishana. Kwenye meza ya Brussels ulipendeza. Nchini haukuwezekana kabisa. Mto haupindi ili kufuata mraba, na mshipa wa shaba haukatiki kwenye mstari wa ramani. Nani angejua mtafutaji madini amesimama kwenye mraba wa nani?

Kwa hiyo tarehe 19 Juni 1900 pande mbili zikaacha kugawana ardhi, zikakubaliana kugawana mapato. Wakaunda Comité Spécial du Katanga, ambayo watu wote waliizoea kwa herufi tatu, CSK. Wajumbe walikuwa sita, wanne wa Dola na wawili wa Kampuni. Theluthi mbili za faida kwa Dola, theluthi moja kwa Kampuni. Miraba ikafutika, theluthi ikabaki, safari hii ikiwa hisa.

Kwangu hapa ndipo penye kona kubwa ya historia yote hii. Kabla ya 1900, mtu angeweza angalau kuuliza: ni kipande kipi mlichochukua? Baada ya 1900 hakukuwa na kipande cha kuonyesha kwa kidole. CSK ilikuwa mwenye ardhi, mtawala na mfanyabiashara kwa pamoja. Ilikuwa na polisi wake na maafisa wake, na makao yake yalikuwa Lukonzolwa, kando ya ziwa Mweru. Ilitoa vibali vya kutafuta madini, ikauza mashamba, ikapima viwanja. Sultani aliyekuwa na malalamiko juu ya shamba alilalamika kwa yule yule aliyelichukua.

Mwaka huo wa 1900 CSK iliafikiana na Robert Williams wa Tanganyika Concessions atafute shaba na dhahabu. Watafutaji wake waliongozwa na wenyeji mpaka kwenye mashimo ya kale, Kalukuluku likiwa mojawapo, lile tunaloliita Étoile. Mwezi wa Oktoba 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, CSK ikiwa na hisa zake ndani. Mkataba wake wa machimbo ulipewa mwisho ule ule: Machi 1990.

1906–1953: mji juu ya mashamba ya Walamba

Mwaka 1906 amri nyingine ilijaribu kulainisha ile ya 1885. Ilikubali kwamba kijiji kinaweza kutambuliwa haki mpaka mara tatu ya eneo linalolimwa na kukaliwa. Mara tatu, kwa watu ambao kilimo chao kilizunguka msituni mzunguko wa miaka mingi! Hapo ndipo ilipowekwa rasmi kwamba shamba lililolazwa, likivuka kipimo hicho, si shamba.

Baada ya Ubelgiji kuitwaa Kongo mwaka 1908, CSK ilivuliwa utawala mwaka 1910, ila ardhi ilibaki yake. Mwaka huo huo Émile Wangermée alichagua mahali pa mji mpya kando ya mto Lubumbashi, katika nchi ya Walamba, na mji, Lubumbashi ya leo, ukapewa jina la malkia Elisabeth: Élisabethville. Septemba 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika. Katikati ya 1911 kiwanda cha kuyeyushia kikamimina shaba yake ya kwanza. CSK ikapima barabara za pembe mraba na kuwauzia Wazungu viwanja. Usultani wa Kaponda upo hadi leo, katika wilaya ya Kipushi, umeuzunguka mji kama mwenye nyumba aliyesogezwa barazani.

Mtu mweusi alikuja mjini kama mkono wa kazi. Kiwanja cha kumiliki hakikuwa katika hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaa wa Waafrika, ule uliokuja kuitwa Kamalondo, ulitengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu usiojengwa. Katika kambi za Union Minière, nyumba ilikwenda na kazi. Ukiacha kazi, unaacha na mlango. Katika mji uliojengwa juu ya ardhi, watu waliishi miongo bila kugusa haki ya ardhi. André Yav, aliyeandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani mwaka 1965, aliandika kwa niaba ya watu hao hao, waliofanya kazi maisha yao yote katika nyumba zisizo zao.

Huko vijijini amri ya 31 Mei 1934 iliweka utaratibu wa uchunguzi. Kabla ardhi haijatolewa kwa mkoloni au kampuni, afisa afike, awaite wazee, aulize kama wana haki hapo, aandike. Ikiwa wanazo na wanakubali kuziachia, walipwe kitu. Ndipo neno fidia likafika kijijini. Lakini mwulizaji alikuwa serikali, mwombaji alikuwa rafiki wa serikali, na mjibu swali alikuwa sultani ambaye cheo chake kilitegemea barua ya mwulizaji. Ruhusa ya Mkongo kumiliki kiwanja kwa jina lake mwenyewe, chenye hati, ilingoja mpaka mwaka 1953.

Wengine waliowahi kununua theluthi yao

Si Katanga peke yake iliyojikuta imegawiwa kwa karatasi ya mfalme wa mbali. Marekani ya Kaskazini ilianza hivyo. Wafalme wa Uingereza waliwapa wakuu na familia zao nchi nzima nzima. Ferdinando Gorges alipewa Maine mwaka 1639. Familia ya Mason ilidai New Hampshire. Mwaka 1681 William Penn alipewa Pennsylvania kufuta deni la pauni 16,000 ambalo mfalme Charles II alidaiwa na baba yake, amirali. Wahamiaji walipoongezeka, madai hayo ya kifamilia yakawa mwiba, kwa sababu mkulima alilima na bado akadaiwa kodi na mrithi aliye London.

Njia waliyoishika ni kuyanunua madai yenyewe. Mwaka 1677 Massachusetts ilimlipa mjukuu wa Gorges pauni 1,250, Maine ikawa yao. Mwaka 1746 watu 12 wa Portsmouth walinunua dai la Mason kwa pauni 1,500. Na katikati ya vita vya uhuru, Novemba 1779, bunge la Pennsylvania liliitwaa ardhi ya familia ya Penn ambayo haijauzwa, likaahidi fidia ya pauni 130,000, na kuwaachia mashamba yao binafsi. Wanamapinduzi waliomkataa mfalme waliona hata hivyo kwamba karatasi ya mfalme ina bei.

Je, Walenape, wenye nchi ile? Mwaka 1737 wana wa Penn walitoa hati ya zamani wakadai kuwa iliwapa ardhi kiasi cha mtu anachoweza kutembea kwa siku moja na nusu. Wakaajiri wakimbiaji, wakasafisha njia mapema, na Walenape wakapoteza eneo kubwa kwa siku moja na nusu hiyo. Katika pauni 130,000 za 1779 hawakuwa na hata moja. Nikisoma habari hizi namwona Mukanda Bantu na kalamu asiyoijua.

Juni 1960: CSK yavunjwa mlangoni mwa uhuru

Mwaka 1960 Union Minière ilitoa tani 300,000 hivi za shaba. Theluthi mbili za dola katika CSK zilikuwa zirithiwe na Kongo huru, na ndani ya CSK mlikuwa na fungu kubwa la hisa za Union Minière, pamoja na kura zake. Yaani serikali ya Patrice Lumumba ingeamka tarehe 30 Juni ikiwa na sauti kubwa katika kampuni iliyobeba uchumi wa nchi.

Mazungumzo juu ya mali hizo yalifanyika Brussels kati ya Aprili na Mei, katika meza ya duara ya uchumi. Viongozi wengi wa Kongo walikuwa nyumbani kwenye kampeni za uchaguzi, wakawatuma wanafunzi waliokuwa wakisoma Ubelgiji. Ng'ambo ya meza walikaa mabenki na makampuni yenye uzoefu wa miaka 70. Siku chache kabla ya uhuru, Juni 1960, Ubelgiji na Compagnie du Katanga zikaivunja CSK. Mali zikagawanywa: Kampuni ikachukua theluthi yake ya hisa, Kongo ikabakiwa na zake, chini kidogo ya asilimia 18 ya Union Minière. Fungu lililokuwa moja likawa mawili, na nguvu ya kuamua ikaponyoka. Hata zile za Kongo, vyeti vyenyewe vilibaki Ubelgiji.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jambo hili halisimuliwi katika shule zetu pamoja na hotuba ya Lumumba ya 30 Juni. Hotuba ile ilisikika dunia nzima. Mgawanyo wa CSK ulifanyika kimya, na nadhani ndio uliokata mfuko wa Kongo mapema zaidi.

1960–1965: Tshombe na vyeti vya hisa

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, mkuu wa serikali ya jimbo, alitangaza kujitenga kwa Katanga. Union Minière ikamlipa yeye kodi, na Kongo ikawa na haki za karatasi tu juu ya ardhi isiyoitawala. Kujitenga kukaisha Januari 1963 kwa nguvu ya Umoja wa Mataifa. Maelfu walikuwa wamekufa, Lumumba akiwa mmoja wao, aliyeuawa karibu na Élisabethville Januari 1961.

Halafu historia ikageuka kwa namna isiyotarajiwa. Julai 1964 Tshombe huyo huyo akawa waziri mkuu wa Kongo nzima. Mtu aliyekuwa ngao ya makampuni sasa alihitaji fedha za serikali kuu, na hakuna aliyeijua mali ya Katanga zaidi yake. Tarehe 29 Novemba 1964 alitoa amri ya upande mmoja: mamlaka ya kugawa ardhi na madini yaliyowahi kupewa CSK na mengineyo ya aina yake yamekwisha, na hisa za dola ni za Kongo. Brussels ikafoka. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye, tarehe 6 Februari 1965, Tshombe na Paul-Henri Spaak, waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji, wakatia saini makubaliano. Kongo ikapata hisa zake na mamlaka juu ya ardhi yake. Makampuni yaliyopoteza mamlaka ya kugawa ardhi yakaahidiwa fidia. Tshombe akarudi Léopoldville, mji mkuu, akipokewa kama mshindi.

Kwa hiyo theluthi ya 1891, iliyotolewa kama mshahara wa safari ya Stairs, ilikomeshwa kwa njia ile ile ya Pennsylvania: mwenye karatasi alinunuliwa aondoke. Hapakuwa na mtu wa Kaponda wala wa Bunkeya mezani.

1966–1974: karatasi yote kwa dola

Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965 na hakuridhika na hisa. Tarehe 7 Juni 1966 ikatoka sheria iliyopewa jina la mbunge Bakajika. Dola ikarudishiwa haki zote za ardhi, misitu na madini ndani ya mipaka yake. Haki zilizotolewa kabla ya uhuru zikarudi mkononi mwake. Mwisho wa mwaka huo mali za Union Minière zikatwaliwa, na Januari 1967 ikazaliwa Gécomin, ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Gécamines.

Ubelgiji ilikataa, shaba ikazuiwa sokoni, mazungumzo yakawa marefu. Kongo haikuwa na wahandisi wa kutosha wala wauzaji wa shaba duniani. Ikapatana na kampuni ndugu ya Union Minière iendeshe machimbo na kuuza shaba. Mwaka 1969 malipo yakawekwa wazi: asilimia 6 ya thamani ya mazao kwa miaka 15, na ndani yake mlikuwa na fidia. Mwaka 1974 pande mbili zikamaliza hesabu kwa kiasi kimoja cha mwisho. Yaani kila mfanyakazi wa Likasi au Kolwezi aliyesukuma toroli miaka ile alisukuma pia sehemu ya deni la kununua haki zilizotokana na karatasi ya 1891.

Kisha ikaja sheria ya 20 Julai 1973, ambayo ndiyo inayomlaza macho wazi yule mama wa lupangu. Ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupitwa na muda. Raia hupewa haki ya kuitumia. Ardhi za jamii za vijijini nazo zikatangazwa kuwa za dola, na haki za wakazi wake zikaahidiwa kuelezwa na agizo la rais. Miongo ikapita bila agizo hilo kutiwa saini. Katika pengo hilo sultani aliendelea kugawa mashamba kama babu zake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache na hakuna aliyemwambia aendelee. Ofisi nazo ziliendelea kutoa hati juu ya mashamba yale yale. Hapo ndipo malipo mawili yalipopata makao.

1990 na baadaye

Machi 1990, tarehe ambayo mkataba wa zamani ungekufa wenyewe kwa uzee, ilipita Lubumbashi bila mtu kugeuza shingo. Mji ulikuwa na mambo mengine. Mwezi uliofuata Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na Mei wanafunzi wakauawa chuoni kwetu. Mwaka ule ule sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na Gécamines ikaanza kuanguka nao. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walilipwa fedha ya mkupuo waondoke. Wengi walikuwa wana na wajukuu wa watu walioitwa kutoka mashambani kuja kambini. Fedha zilipoisha, wakatafuta lupangu pembezoni, kwa sultani.

Sheria ya madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni mapya. Marekebisho ya Machi 2018 yaliandika kitu ambacho hakikuwa katika karatasi ya 1891: mrabaha wa madini ugawanywe, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, hata kama ni usultani. Miaka 127 baada ya karatasi ile, mahali penyewe pana fungu katika mgawanyo. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo wote. Lakini fedha hiyo huingia akaunti ya utawala, na mwenye shamba husubiri fidia yake peke yake.

Fidia hiyo huanza kwa hesabu. Watu wa mgodi hufika asubuhi na kamba ya kupimia, daftari na rangi. Mashina ya mihogo huhesabiwa mstari kwa mstari. Mwembe huwekewa alama, paa la nyumba hupimwa, kaburi huandikwa. Mwenye shamba hufuata nyuma, mkono mmoja nyuma ya mgongo, akitaja majina ya waliopanda. Wakifika mwisho wa mihogo, mpimaji hukunja kamba. Mbele yao pana miti michanga yenye urefu wa mtu, na chini yake, ukiangalia vizuri, matuta ya zamani bado yanaonekana. Mzee hunyoosha kidole huko na kusema kwamba pale pia ni shamba, ni la mama yake, linapumzika.